Ua la Piko Juu ya Baka

Niliona. Nataka mlijue hilo kabla hamjaanza kunihurumia. Nililiona baka kwenye mkono wa mtoto wa watu, nikalijua ni la maradhi gani, nikafunga mdomo. Mkono ule leo umeharibika, na aliyeuharibu ni mimi.

Mhariri, jina langu usilitoe. Bagamoyo ni mji mdogo, ukitaja mtaa tu nimekwisha. Macho yangu yamefifia, kwa hiyo anayeniandikia ni mwalimu mmoja mtu wa bara, mgeni kwetu, na ameniapia kwa Biblia yake kwamba hatasema kitu.

Mimi ni somo. Kazi yangu ilikuwa kuwaweka ndani maharusi, siku saba kila mmoja. Singo ya kusugua mwili asubuhi na jioni, hina, piko ile nyeusi ya kuchorea, udi, na mafunzo mengine ambayo gazetini hayaandikwi. Na nilijisifu, ee! Nilikuwa nikisema msichana akitoka mikononi mwangu, mama yake mzazi atamwuliza wewe nani. Watu wakacheka, nami nikavimba kichwa.

Kwetu somo anayaona ya mwili wa biharusi ambayo hata mama yake hayajui, na anakula yamini kutoyasema. Kama ana kovu, kama kwapa linanuka, habari inaishia pale pale mkekani. Hiyo ndiyo heshima yetu. Nami nilijificha nyuma ya heshima hiyo kama mwizi nyuma ya mlango.

Siku hizo Uhuru ulikuwa bado mbichi. Nikaletewa msichana ambaye nitamwita Zuhura, silo jina lake. Alikuwa binti wa jirani yangu, amesoma kidogo, mcheshi, domo halikai. Mchumba wake alikuwa na duka Lugoba, bwana mstaarabu. Mialiko ilikwisha kwenda hadi Pangani.

Siku ya tatu ni ya kutoa malaika, vile vinyweleo vya mikononi na miguuni. Tunachemsha sukari na ndimu mpaka inanata, tunaiacha ipoe, tunaibandika, tunaing'oa. Siku ile nilikuwa nagombana na shangazi yake pale mlangoni, eti nani atamshika mkono akitolewa nje. Nimekasirika, sikungoja ipoe. Nikaibandika ya moto, mkono wa kulia, chini kidogo ya kiwiko.

Niliyeshtuka ni mimi, maana vidole vyangu viliungua. Nikavuta, na ngozi ikaja nayo. Zuhura alikuwa ananihadithia habari za mpishi aliyeunguza wali arusini kwa binamu yake, na akaendelea na hadithi yake. Anacheka!

"Zuhura, hukuungua?"

"Wapi, somo?"

Nikamgeuza kwenye mwanga. Palikuwa na baka jeupe-jeupe, ukubwa wa kisahani cha kikombe, halina unywele hata mmoja. Nikachukua sindano ya kushonea. Nikamwambia, hebu tazama dirishani kama shangazi yako kaondoka. Nikachoma. Akaniambia kaondoka.

Lahaula! Nilijua hapo hapo. Mjomba wangu alianza na baka la namna ile, na tulimzika hana vidole. Ulikuwa ukoma.

Hospitali ilikuwa karibu, unakwenda kwa miguu na kurudi kabla chungu hakijachemka. Vidonge vilikuwapo. Nilikuwa nawajua watu wawili waliovimeza na mikono yao ikabaki mizima. Lakini nikajiuliza nani atamwoa huyu. Kisha nikajiuliza, na mimi je? Itasemwa mwari wa bibi fulani katoka ndani na ukoma. Nitakuwa mwongo nikisema nilimfikiria yeye kwanza. Nilijifikiria mimi, jamani! Nilifikiri habari ya jina langu.

"Ni nini, somo?"

"Choa tu, mama. Nitakutibu."

Na nikamtibu! Sitaki mdhani nilikaa bure. Nilisaga kiberiti upele nikakichanganya na ndimu na mafuta ya nazi, nikampaka asubuhi. Adhuhuri nikamsugua kwa sabuni ya zebaki iliyokuwa inasifiwa kung'arisha ngozi. Jioni nikambandika liwa ya kulainisha ngozi juu ya vidonda vyote hivyo. Dawa tatu kwa siku juu ya mkono usiosikia, na yeye ananiamini. Ngozi ikawa nyekundu, ikabambuka, baka likapotea machoni kwa siku mbili tatu. Nikajipongeza, shetani mimi.

Siku ya mwisho nikachukua piko. Nikamchora ua kubwa, jani juu ya jani, kutoka kiwikoni mpaka kwenye kifundo cha mkono. Baka likamezwa. Alipotolewa nje wanawake walipiga vigelegele kwa ajili ya ua lile. Mume alilipenda mno, akawa anamwambia kila likifutika, nenda kwa somo wako akakuchoree ua langu.

Basi akawa anapanda basi kutoka Lugoba kuja kwangu. Ananiletea karanga na maneno ya kuchekesha. Nami namsugua zile dawa, nachora ua, namrudisha kwa mumewe.

Alipopata mimba ya kwanza alinijia na wasiwasi. Muuguzi wa kliniki aliligusa baka, akamwambia aende hospitali kubwa akapimwe. Mungu alinipa mlango wa pili, nami nikaufunga kwa mkono wangu mwenyewe. Nilimwambia, "Hao vijana wa kliniki wanajua nini? Siku nyingine vaa gauni la mikono mirefu." Astaghafirullah! Kila nikilikumbuka gauni hilo nataka ardhi inimeze.

Akavaa mikono mirefu.

Miaka ikapita. Siku moja akaniwekea mkono mapajani, hakuwa anacheka. "Somo, vidole hivi viwili vinakataa kunyooka. Nikikuna nazi, kifuu kinaniponyoka." Kidole cha mwisho na cha pili yake vilikuwa vimejikunja. Ncha za vidole zina malengelenge ya sufuria, na yeye hajui aliyapata lini. Nikamkanda na mafuta ya karafuu. Nilikuwa najua ninachokanda, na bado nikakanda.

Mwishowe mama mkwe wake ndiye aliyelitambua baka, naye hakula yamini ya kunyamaza. Talaka ilikuja kwa barua. Watoto wakabaki kwa baba yao, kwa sababu eti mama atawaambukiza. Zuhura akapelekwa hospitali, akapewa vidonge, maradhi yakasimama. Mganga wa pale akamwambia angekuja mapema asingepoteza kitu. Mkono haurudi tena. Tonge hawezi kulifinyanga kwa mkono wa kulia, anatumia kijiko. Wenzake wakikusanyika kwenye sinia, yeye anatengewa sahani yake pembeni, na wanaomtengea wanatabasamu.

Alipotoka hospitali alikuja moja kwa moja kwangu. Nikasema leo, leo nitasema. Nimefungua mdomo, yeye akaniwahi. "Usijilaumu, somo. Hata wewe hukujua."

 Nikamwacha anifute machozi kwa mkono ule!

Sasa mimi ni mzee, sioni vizuri, na sina mtoto. Mnajua nani ananipikia? Ni yeye. Anakuja kila siku asubuhi, shikamoo somo, marahaba mwanangu, anawasha jiko anaanza porojo zake. Juma lililopita alikuwa anasimulia habari za mbuzi aliyeingia msikitini. Mara nikasikia harufu, si ya chakula. Harufu ya ngozi.

"Zuhura, umeungua!"

"Wapi, somo?"

Maneno yale yale, sauti ile ile, miaka yote hiyo baadaye. Sijapata usingizi wa maana tangu siku hiyo. Ndipo nikamtafuta mwalimu.

Masomo wenzangu, na akina mama mnaotia binti zenu ndani, nisikilizeni mimi niliyelaaniwa. Mkiona baka halisikii moto wala sindano, msilipake kitu. Msichanganye dawa za kwenu na za dukani, msilichoree ua, msimwambie mtoto ni choa. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, arusi na ivunjike. Mume atapatikana mwingine. Yamini tulikula ya kuficha aibu, hatukula ya kuficha maradhi, na mimi nilizichanganya makusudi kwa sababu zilinifaa. Msinijibu kwamba Mungu atanisamehe. Sijamwomba bado. Nitamwombaje, na mwenye mkono sijamwomba?

Kuna jambo moja sikumwambia hata mwalimu, namwambia sasa akiwa anaandika. Gazeti hili nasomewa kila Jumamosi. Anayenisomea ni Zuhura. Anakaa kwenye kigoda karibu na miguu yangu, anasoma kwa sauti kurasa zote, na barua za wasomaji anaziweka mwisho kwa sababu ndizo anazozipenda.

Kwa hiyo, mwanangu, najua umefika hapa, na najua umeacha kusoma kwa sauti tangu ulipofika kwenye ile siku ya sukari. Nipo mbele yako. Uliniambia shangazi yako kaondoka. Sindano ilikuwa ndani ya mkono wako uliponiambia hivyo, na mimi niliiona.