Ruta Ndani ya Kabati la Vyombo

Ilikuwa Jumamosi, saa nne na robo asubuhi, Baba aliponiambia nivae koti, tunakwenda na Mama kununua ruta ya intaneti. Ile ya zamani ilikuwa inazima na kuwaka inavyotaka, na mimi ndiye niliyelalamika kuliko wote. Sababu sikuisema. Kila Jumapili tunampigia Bibi video, yuko Tabora nasi tuko ughaibuni, na mtandao ulikuwa unashika sebuleni tu. Kwa hiyo Kiswahili changu, na makosa yake yote, kilisikiwa na nyumba nzima. Nikiandika naweza kufuta. Nikiongea maneno yananikwama, na kaka yangu anacheka. Nilitaka kuongea na Bibi chumbani kwangu, mlango umefungwa. Basi.

Dukani Baba alikwenda moja kwa moja kwenye ruta yenye antena nane.

"Hii ndiyo mashine."

"Inafanana na buibui aliyekufa," Mama akasema. "Nyumbani kwangu haiingii."

"Mama watoto, nguvu iko kwenye antena!"

Muuzaji alipokuja, Baba akanisukuma bega. "Ongea naye. Mimi naelewa kila kitu, nakupa mazoezi tu."

Nikamweleza muuzaji kwa lugha ya huku, nikitazama viatu vyake, kwamba tunakaa kwenye jengo la maghorofa, kuta ni za zege, na chumba changu kiko mwisho wa korido. Akasema ile ya antena nane ni ya jumba kubwa. Sisi ingetutosha nyeupe ya wastani, mradi ikae mahali pa wazi, katikati ya nyumba. Nikaichagua hiyo. Baba aliiacha ya kwake taratibu, kama mtu anayemuaga ndugu stesheni.

Tulipofika nyumbani nilikwenda kuvua koti. Kurudi, Mama ameshaipa ruta makazi: ndani ya kabati la vioo, kati ya birika la wageni na vikombe ambavyo hatujawahi kuvinywea, imefunikwa kitambaa cheupe alichofuma mwenyewe. Kwetu kitu kipya kinafunikwa. Redio, runinga, hata blenda. Ndiyo heshima yake. Na ukuta wa nyuma wa lile kabati ni kioo kitupu cha kujitazamia. Chumbani kwangu simu ilishika mstari mmoja wa mtandao, nao ukapotea.

Nikarudi sebuleni na karatasi ya maelekezo.

"Mama, wameandika isifunikwe. Na kile kioo kinazuia mawimbi."

"Na vumbi je? Utalifuta wewe?"

"Si hapa inashika?" kaka yangu akadakia kutoka kwenye kochi. "Unataka kwenda kujificha na nani huko?"

"Na Bibi!" Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyopanga. "Nataka kuongea na Bibi peke yangu. Hapa mnanicheka."

Kaka akaangalia soksi zake. "Mimi huwa natania tu," akasema.

"Sasa umesikia," Baba akamwambia.

Mama alifungua kabati, akaitoa ruta, akaiweka koridoni juu ya kabati la viatu. Akaitazama. Akainyanyua tena, akatandika kitambaa chake chini.

"Juu wamekataza. Na chini wamekataza?"

"Hapana, Mama."

"Haya."

Kesho yake saa moja asubuhi, kwa Bibi ikiwa saa tisa alasiri, nilifunga mlango nikapiga. Shikamoo, marahaba, halafu akauliza wengine wako wapi. Nikasema wamelala, ingawa nilikuwa namsikia Mama jikoni. Nikamwambia jambo ambalo sijamwambia mtu: kwamba darasani huwa najua jibu lakini naogopa kunyoosha mkono. Nilikosea katikati, nikarudi nyuma, nikaanza upya. Bibi akasogeza simu karibu mpaka nikawa naona jicho moja tu.

"Endelea," akasema. "Nakusikia."

Nikaendelea.