Redio ya Mama Pindo

Mama Pindo alipewa jina hilo kwa kazi yake. Miaka ishirini na saba alikuwa akipinda nguo za watu kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, na mpaka leo anatunga uzi bila miwani. Masikio ndiyo yaliyomwangusha. Maneno ya watu yalimfikia yamevaa soksi, kama alivyopenda kusema mwenyewe, na mtu akirudia jambo mara tatu asimwelewe, aliitikia kwa kichwa tu mambo yaishe.

Hata mwanawe wa pekee, Mama Pindo alimfanyia hivyo hivyo. Kijana alikuwa nchi ya mbali, mwaka wa saba sasa, akifanya kazi ya ghalani, na kwa kuwa huku kukicha kule kunakuchwa, walizoea kutumiana sauti kwa simu. Mama Pindo aliibana simu sikioni, akaihamishia sikio la pili, akaambulia "mama" na "nimechoka". Kisha akajibu: "Haya mwanangu, nimekusikia. Ule vizuri." Alimwonea haya kumwambia ukweli. Lakini hakufuta ujumbe hata mmoja.

Siku moja mteja alimpa lifti. Njiani simu ya mteja ikalia, sauti ya mkewe ikatokea kwenye spika za gari, na Mama Pindo akasikia ugomvi mzima wa watu, neno kwa neno. Mteja alitamani ardhi immeze. Mama Pindo alishuka akitabasamu peke yake.

Kesho yake akalipeleka gari la marehemu mumewe kwa fundi wa umeme aliyeitwa Fyuzi, jitu nene lenye sauti ya kupigia mbiu.

"Nataka redio inayoshika simu," alisema.

"Mama, gari hili ni kaka yangu kwa umri!" Fyuzi akaing'oa redio ya zamani, akachungulia kwenye tundu. "Nani alifunga hizi? Nyaya zote nyekundu!"

"Baba watoto. Alipata bunda moja la waya, akasema rangi ni madoido."

Ikabidi Fyuzi apime waya mmoja mmoja kwa taa yake ndogo, akibandika vipande vya tepu kuonyesha upi unatoka kwenye betri, upi kwenye ufunguo, upi unakwenda spika gani. Alipobandua tepu kuukuu, chini yake maungio yalikuwa yamezungushwa uzi wa buluu, kwa ustadi. Mama Pindo aliutambua uzi wake.

"Kumbe ndiye aliyekuwa akiniibia," alisema, na akaomba kipande kimoja, akakitia kwenye pochi.

Redio ikawaka. Ila kila ufunguo ukizimwa, ilisahau simu na saa. "Inazeeka kabla ya siku zake," Mama Pindo akasema. Fyuzi akacheka, alikuwa ameunga waya wa betri mahali pa ule wa ufunguo. Akazipanga nyaya upya, na redio ikashika akili.

Alasiri hiyo Mama Pindo aliegesha uani, akapandisha vioo, akaanza na jumbe za zamani. Sauti ya mwanawe ikajaa garini, nzito kuliko alivyoikumbuka. Kijana alisimulia kwamba aliunguza uji. Mgongo ulimuuma. Mama Pindo akawa anamjibu kwa sauti, "Pole, baba," kana kwamba amekaa kiti cha pili.

Ndipo akafika kwenye ujumbe wa miaka mitatu nyuma.

"Mama, sijui nianzie wapi. Nimepata mtoto, wa kike. Najua hukutegemea niwe hivi bila ndoa. Niambie neno lolote, mama. Hata unigombeze."

Chini yake kulikuwa na jibu lake mwenyewe: "Haya mwanangu, nimekusikia. Ule vizuri."

Baada ya hapo kijana hakumtaja mtoto tena. Mama Pindo alisikiliza jumbe zote zilizofuata, na hakumpata popote. Akaishika simu kwa mikono miwili.

"Mwanangu, sisikii. Miaka mingi masikio yamekufa, nikakuficha. Leo ndiyo nimesikia kwamba nina mjukuu. Nisamehe."

Mwanawe alipiga saa ile ile. Kwanza alilia, kisha akasema, "Mimi nilidhani umetukataa." Akamwita mtoto aje kumwamkia bibi. Mtoto alipumua tu karibu na simu, haraka haraka. Mama Pindo akaongeza sauti mpaka milango ikatetemeka.

"Nipimie huyo mtoto," alimwambia mwanawe hatimaye. "Toka kisigino mpaka utosini."

Alipotajiwa kipimo, alishuka garini, akakanyaga ncha ya utepe wake wa kupimia na kuuvuta juu hadi kipimo hicho. Ulimfika kiunoni. Akasimama pale uani kitambo, kiganja kimetandazwa hewani usawa wa utosi wa mjukuu, bila kukishusha.