Maji Kabla ya Fagio

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kupanda juu ya nyumba za watu na kushuka na habari mbaya. Ilikuwa miaka ya vita, baada ya majeshi mawili ya wageni kupigania Kisangani kana kwamba mji hauna wenyewe. Mabomu yalitoboa shule, makanisa, maghala ya zamani na nyumba za watu wasio na hatia. Shirika moja likaja kutaka kukarabati majengo ya enzi za Wabelgiji, na kabla fundi hajagusa kitu, ilibidi mtu apite kwanza kuangalia kama mna asbesto ndani yake. Sisi tunaiita amiante. Nilikuwa nimesoma kemia kabla masomo hayajasimama, na siogopi ngazi, wakanichukua.

Aliyetufundisha alikuwa mhandisi kutoka Kinshasa, mtu mpole mwenye tabia ya kunong'ona kila alipofika kwenye neno la kutisha. Alituonyesha bati za fibro, zile za kijivu zenye mawimbi, ambazo si chuma bali ni saruji iliyochanganywa na nyuzi za amiante. Bati zima likikaa mahali pake halina neno. Likivunjika, nyuzi zinapanda na vumbi, mtu anazivuta bila kuhisi lolote, na baada ya miaka mingi pumzi yake inaanza kufupika. Hapo ndipo aliponong'ona. Kwa hiyo tusikate kwa msumeno, tusipige nyundo, na zaidi ya yote tusifagie pakavu. Maji kwanza, alisema, kila mara maji kwanza.

Basi nikawa nazunguka mjini juu ya toleka, baiskeli zetu za kubebea abiria, nikiwa na chupa ya maji ya sabuni, koleo na mifuko ya plastiki. Nilinyunyiza maji pembeni mwa bati, nikabanua kipande kidogo, nikakifunga katika mfuko ndani ya mfuko mwingine. Vipande vilipelekwa uwanja wa ndege wa Bangboka kungojea ndege ya kuvifikisha kwenye maabara ya Ulaya, na ndege siku hizo zilikuja zilipopenda. Watu hawakuniamini hata kidogo. Mji wetu ni mji wa almasi, na mtu akikuona unachungulia dari na kutia vipande mfukoni, anajua unatafuta nini. Mwenye nyumba mmoja alinishika ngazi kwa heshima kubwa, kisha nilipokuwa juu akaniambia tugawane. Kwenye kizuizi askari alitaka kupasua mifuko yangu kwa kisu. Nilimwambia ni sumu ya mapafu, akacheka, nami nikamwambia apasue basi tuone nani atacheka kesho. Akanirudishia. Mdomo wangu umeniponza mara nyingi, lakini siku ile uliniokoa.

Nilikuwa mkali kazini kwa sababu nyumbani nilikuwa na msiba. Mama alifariki wiki chache baada ya mabomu. Hakupigwa na kitu. Alikohoa kwa miaka, kikohozi kikavu ambacho kila daktari alikipa jina lake, na wakati wa mapigano, tulipolala sakafuni chini ya kitanda bila dawa wala chakula, pumzi yake ikawa fupi kuliko sentensi zake. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi. Ilinichoma kumsikia akichagua lipi la kusema na lipi la kuacha.

Nyumba yetu iko Mangobo. Baba aliijenga alipokuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, na paa aliliezeka kwa bati za fibro ambazo kiwanda kiliwauzia wafanyakazi wake. Bomu liliangukia kwa jirani na kuvunja nusu ya paa letu. Tulipompoteza mama ilikuwa msimu wa mvua, na udongo wetu ukinywa maji hauna adabu, unamvua mgeni viatu. Baba hakutaka watu wa ukoo wa mama waje kulia wakiwa ndani ya tope. Alikusanya bati zote zilizoanguka, akazivunjavunja kwa nyundo na kuzimwaga uwanjani, kuanzia mlangoni mpaka barabarani. Majirani walimsifu. Matanga yakakaa juu ya paa letu lililosagwa, na miguu ya wageni ikaendelea kulisaga.

Wakati ule sikujua kitu. Nilianza kazi matanga yakiendelea, na siku mhandisi alipoinua kipande cha bati mbele yetu, ilipobaki siku moja tu matanga yaishe, nilikitambua kama mtu anavyotambua sahani ya kwao.

Sasa lazima nieleze desturi ya upande wa mama, maana bila hiyo huwezi kuelewa hofu yangu. Kwao, uwanja wa msiba haufagiwi mpaka siku ya kutoa matanga. Siku hiyo wanawake wa ukoo wanakuja na fagio zao, wanajipanga mlangoni, na wanafagia pamoja kwa nguvu mpaka barabarani. Vumbi likipanda sana, wanasema marehemu alipendwa sana. Kumwaga maji mbele ya fagio ni tusi, ni kumfungia marehemu njia ili abaki akihangaika uani. Mvua ilikuwa imekatika tangu wiki iliyotangulia, jua lilikuwa kali, na uwanja wetu ulikuwa mkavu na mweupe. Kesho yake wanawake wote wa ukoo wa mama, wengine na watoto mgongoni, wangesimama pale na kuvuta vumbi lile kwa moyo wote.

Juu ya hayo kulikuwa na mama mkubwa, dada wa mama, aliyekuwa kiongozi wa wafagiaji. Tangu mazishi alikuwa hamsalimii baba vizuri. Hakusema wazi, lakini kila mwenye masikio alisikia: dada yake aliolewa akiwa na afya, akakauka mikononi mwa mwanamume huyu, na mwanamume mwenyewe yuko mzima. Kwetu maneno hayo yana jina, na jina lenyewe ni uchawi. Mjane anayesemwa hivyo, akienda kuharibu na siku ya matanga, amejimaliza mwenyewe.

Alasiri hiyo nilimkalisha baba nyuma ya nyumba, chini ya mti wetu wa matunda ya safu, nikamweleza yote niliyofundishwa. Alinisikiliza kwa subira ya mtu anayemsikiliza mwanawe akisoma shairi la shule. Halafu akatabasamu.

"Mutoto, hii vumbi tulikula kila siku kwa chaudière," akaniambia, "na niko hapa."

Chaudière ndilo lile tangi kubwa la mvuke lililoendesha kiwanda, na baba alilihudumia mpaka alipostaafu. Akaanza kunisimulia, na uso wake ukachangamka kwa mara ya kwanza tangu tuzike. Mabomba yalivikwa amiante, kitu cheupe cha kuzuia joto. Kikichakaa walikibomoa kwa mikono, wakakoroga kipya ndani ya ndoo kama unga wa fufu. Sikukuu zikikaribia walitupiana madonge yake wakicheka, wakatoka weupe kuanzia kichwani hadi viatuni. Alirudi nyumbani hivyo hivyo, akasema, na mama alikuwa akimzuia mlangoni mpaka avue salopeti, ile nguo yake ya kazi, kwa sababu hakutaka uchafu ndani ya nyumba yake.

Hapo nikaacha kumsikia. Nilikuwa nautazama mti tuliokaa chini yake. Mama alikuwa akiichukua salopeti ile kila jioni na kuipiga kwenye shina la msafu huo, kabla ya kuiloweka, maana alisema ukiiloweka na vumbi lake inakuwa uji. Aliipiga kwa mikono miwili. Vumbi lilimfunika, jua la jioni likipita ndani yake, naye alipiga chafya na kucheka, na mimi mtoto nilikuwa nikirukaruka pembeni nikijaribu kulishika. Baba alivaa kitambaa usoni akiwa kazini, hilo nalo alikuwa amenieleza muda mfupi uliopita. Mama hakuvaa kitu.

Niliogopa kwa ajili yangu mwenyewe, sitaficha. Lakini zaidi nilimwogopea baba. Nilikuwa na jibu ambalo lingemsafisha mbele ya ukoo mzima, kwamba hakumroga mke wake, na jibu hilo hilo lingemuua. Nikamwambia tu kwamba kesho naomba maji yatangulie. Akasema mama yangu mkubwa hatakubali, na kwamba yeye hana tena nguvu za kugombana na wakwe.

Asubuhi nilijaza pipa na kusimama mlangoni na ndoo. Wanawake walifika na fagio zao, wamevaa kitambaa kimoja cha sare, na mama mkubwa aliiona ndoo kabla hajaniona mimi. Nilieleza kadiri nilivyoweza. Nilisema bati zina ugonjwa, nikataja mapafu, nikataja watoto waliobebwa. Alinitazama kutoka chini mpaka juu, kisha akamgeukia baba aliyekuwa ameketi kando, kichwa chini.

"Muko na haraka ya kufungia dada yangu njia," akasema. "Mbona? Muko na nini ya kuficha?"

Mwanamke mmoja aliinua fagio lake na kulishusha tena. Nilijua baba akikaa kimya watafagia, na sikuwa na nguvu za kuwazuia watu wazima kwa mwili wangu. Ndoo ilikuwa inanimwagikia miguuni.

Baba aliinuka polepole. Akaja akanipokonya ndoo, nikadhani yamekwisha, kisha akaimwaga yote mlangoni kwake mwenyewe, mbele ya miguu ya shemeji yake.

"Binti yangu amesema maji," akasema. "Bon. Ni maji."

Alirudi kwenye pipa akajaza tena, akamwaga tena, akisonga mbele kuelekea barabarani bila kumtazama mtu. Mama mkubwa aliliweka fagio lake chini, akaondoka, na wengi wakamfuata. Wachache waliobaki walifagia tope pamoja nami, bila wimbo. Halikupanda vumbi lolote. Kwa hesabu ya ukoo wa mama, mama yangu alisindikizwa kama mtu asiyependwa, na mpaka leo kuna nyumba za wakwe zake mtaani Kabondo ambako baba hakukanyaga tena. Vipande tulivifukia vikiwa vimelowa, nyuma ya choo, kina kirefu.

Jioni nilimkuta baba chini ya msafu. Alikuwa amefungua sanduku la mama, na magotini mwake kulikuwa na salopeti ya bluu iliyokunjwa vizuri, ambayo mama aliihifadhi tangu siku baba alipostaafu. Alikuwa akilitazama shina la mti, pale ambapo gamba lilikuwa limesuguliwa likawa laini. Sikuwa nimemwambia neno juu ya mama na salopeti ile. Alikuwa amesikia yote niliyowaeleza wanawake asubuhi, na alikuwa na siku nzima ya kufikiri.

"Na hii?" akaniuliza, akiinyoosha kidogo kwangu. "Iko na vumbi ndani?"

Niliichukua, nikaikunjua, nikapitisha vidole kwenye mishono na mifuko kama nilivyofundishwa. Haikuwa na kitu.

"Hapana, papa," nikamwambia. "Iko safi. Mama aliifula muzuri."

Aliitwaa tena akaikunja kwa mikunjo ile ile ya mama, akaiweka magotini.

"Ndiyo," akasema. "Aliifula."