Triko ya Mama Haifungwi Kama Mufuko ya Chokaa

Nakumbuka siku moja ya Mungu, baridi ya mwezi wa sita imeshika mji wetu wa Likasi mpaka midomo inapasuka, nami nimesimama katikati ya nyumba yetu ya Kikula nimefungwa kama mzigo, siwezi hata kuvuta pumzi. Usicheke, mwanangu. Ama cheka tu. Siku ile hata mbuzi wa jirani alicheka.

Asubuhi ile nilikuwa na kazi moja: kuimba. Kwaya za Kapolowe na Kakontwe zilikuja kanisani kwetu, na wimbo wa kwaya yetu nilikuwa nauanzisha mimi, msichana mwembamba, peke yangu, bila ngoma. Nguo yangu ilikuwa triko ya manjano, nguo ya kufumwa kwa sindano. Mama yangu alikuwa amekufa, akaacha pilova moja, sweta ya leni, ule uzi wa manyoya ya kondoo. Dada yake mkubwa, Mama mukubwa Yowana wa Kapolowe, aliifumua yote, akaifuma upya kwa kipimo changu: haina mikono, ina kamba mbili pana za leni ileile. Zinatoka kifuani, zinapita mabegani, zinakatana mgongoni, zinaingia katika vitundu vya kiunoni, ndipo zinafungwa. Alikuwa na akili, mama yule. Mtoto akikua, unalegeza kamba, nguo inakua naye.

Sasa nani wa kunifunga mgongoni? Mama hayuko. Mama mukubwa bado yuko njiani, juu ya lori ya mahindi. Akabaki baba. Baba alikuwa mfungaji wa mifuko ya chokaa huko Kakontwe, na fundo lake lilisifiwa: mfuko ukianguka toka juu ya lori unapasuka tumbo, lakini mdomo haufunguki. Akatema mate mikononi, akaniwekea goti mgongoni, akavuta.

«Hii haifunguke mpaka Yesu arudi,» akasema, amefurahi kweli.

Nikajaribu wimbo. Ikatoka sauti ya kuku aliyekanyagwa.

Betina, binti wa jirani, alikuwa mlangoni. Akaangua kicheko. «Ayayaa! Bengine bako na kwaya, siye tuko na mufuko ya chokaa!» Lakini alipoona machozi yangu akakimbia kwao, akarudi na wembe. «Geuka, wangu. Nakata kamba moja tu.»

Kamba moja tu! Mwanangu, leni ile ilikaa kwenye mwili wa mama yangu. Nilikuwa nalala nimeiweka puani. Na ukikata triko hujakata mahali pamoja, umefungua mlango: kitanzi kimoja kinaachia kingine, kinaachia kingine, mpaka kifuani. Nisipokata, siimbi. Baba alisimama pale, mikono yake mikubwa inaning'inia.

«Kata, Betina,» akasema. «Mutoto aimbe.»

Kwake pia, ile ilikuwa pilova ya mke wake.

Wembe umeshagusa leni, mlango ukajaa. Mama mukubwa Yowana! Vumbi mpaka kwenye kope, kitambaa kichwani, na sindano ya kufuma imechomekwa kwenye kitambaa, maana mama yule hakutembea bila sindano.

«Weye mutoto, weka wembe chini, nisikukate nayo masikio!» Kisha akamgeukia baba. «Na weye shemeji, unafunga mutoto ao unafunga chokaa?»

«Nilitaka isifunguke, yaya,» baba akajibu, kama mtu anayemjibu dada yake mkubwa.

«Haifunguke, ndiyo, njo kweli. Na mutoto anakufa ndani.»

Baba akalamba kidole, akitaka kulowesha fundo. Akapigwa kofi mkononi. «Maji hapana! Leni ikikunywa maji inakaza.»

Akachomoa sindano. Hakuvuta hata kidogo, mwanangu. Alisukuma. Alishika mkia wa kamba akaurudisha ndani ya fundo, kule ulikotoka, akaingiza ncha ya sindano katikati, akatikisa taratibu kama mtu anayeamsha mtoto mchanga. Huko kanisani wakagonga chuma cha kuita watu. Betina anarukaruka, baba anatoka jasho kwenye baridi ile, yeye anatikisa tu. Fundo likalegea. Likafunguka. Hakuna kitanzi hata kimoja kilichokatika.

«Sasa vuta pumzi ya wimbo,» akaniambia, «ile yote. Ibakishe.»

Nikajaa kama mtungi. Hapo ndipo alipofunga. Alianzia mabegani, akateremsha ulegevu mpaka kiunoni, akasawazisha pande zote, akapitisha vidole chini ya kamba aone kama vinapita. Mwisho fundo la masikio mawili, kama la kofia ya mtoto.

«Baba yako alikufunga pumzi imetoka,» akasema. «Muntu unamufunga pumzi ikiwa ndani.»

Niliimba, mwanangu! Nilivuta hewa mpaka tumboni, triko ikatanuka nami, ikarudi nami. Sauti ikapanda mpaka kwenye bati. Watu wa Kakontwe, waliokuja kutuchungulia kwa jicho la pembeni, walisimama wote. Betina akapiga vigelegele mpaka akakohoa. Na baba, mtu asiyesema kanisani hata amina, akapaza sauti toka mlangoni: «Njo ile! Njo ile rangi ya pilova ya bibi yangu, mama yake!»

Jumapili iliyopita mjukuu wangu Merveille aliivaa triko hiyohiyo, kamba zimelegezwa mpaka mwisho, maana huyu ni mrefu kama mlingoti. Aliniambia mimi nyanya yake, «Kambo, vuta na nguvu, isianguke.» Nikamwambia avute pumzi kwanza. Aliimba, na mimi nikalia kwa kelele bila haya.

Basi nasaha yangu ni hii. Triko uioshe kwa maji ya uvuguvugu, usiikamue. Izungushie taulo, uikandamize, uilaze kwenye mkeka kivulini. Usiitundike kwa kamba zake, uzito wa maji utazivuta mpaka magotini. Fungua fundo kabla ya kuvua. Likikukatalia, lisukume lilikotoka, na wembe uache kwa mwenye ndevu. Na siku utakayomfunga mtoto, ao mke, ao mume, kwa mapendo makubwa kama ya baba yangu, mwache kwanza avute pumzi yote. Kipimo chake ni hicho.

Mungu akupe kifua kipana na wimbo wa kukijaza. Akupe mtu wa kukufunga mgongoni pasipofika mikono yako, na vidole vyake viwe vyepesi. Amina, mwanangu. Imba.