Pikapu Niliyoishusha Gatsata

Aibu nyingine mtu anaizika kimya kimya, lakini yangu ilionwa na Nyabugogo nzima, stendi kuu ya mabasi hapa Kigali, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine wakaitia chumvi (ingawa haihitaji, imeshakolea). Chekeni tu. Mimi nimeshacheka mpaka nikachoka.

Pikapu yangu mnaijua, ile nyeupe ninayobebea mizigo ya watu, iko juu kiasi kwamba mtu akitaka kukaa mbele lazima ashike mlango, ainue mguu, amtaje Mungu. Niliipenda hivyo hivyo mpaka nilipompenda Zaituni. Zaituni amelelewa na bibi yake, Bibi Mariamu wa Gatsata, na Bibi Mariamu ana goti bovu, na kwao binti haolewi mpaka bibi aende mwenyewe kuiona nyumba atakayokaa mjukuu wake, aingie jikoni, aguse kuta, ndipo atoe neno. Nilipokwenda kumwambia kwamba nitamchukua kwa gari, alitoka nje, akaizunguka pikapu, akaitazama ile ngazi ya mlango kwa muda.

"Mwana wangu," akasema, "kama gari yako siwezi kupanda, nyumba yako nitaonaje? Na kama sijaona, nitasema nini?"

Akarudi zake ndani. Zaituni akaniangalia kwa jicho la kuniambia nifanye kitu, na mimi nikaamua pale pale kuishusha ile gari.

(Nisiwadanganye, halikuwa goti peke yake. Kuna kijana alikuja kutoka Bujumbura na pikapu imelala chini mpaka unadhani inatembea kwa tumbo, na wasichana wa mtaa wetu wa Nyakabanda walisimama barabarani kuitazama, nami roho ikaniuma.)

Nikaenda Gatsata kwenye magereji, nikachagua vipuri asubuhi nzima. Muuzaji alinionyesha springi bapa zenye majani machache, yaani vile vyuma vinavyopangwa kimoja juu ya kingine, zilizotolewa kwenye pikapu ndogo, akanionyesha vipande vya chuma vya kupachika kati ya springi na ekseli, akanionyesha na shokapu fupi, akazibonyeza mbele yangu zikashuka na kupanda taratibu. Mimi nikagonga hapa, nikapangusa pale, nikatikisa kichwa kama mtu anayejua. Nikachukua zile springi bapa na shokapu fupi, na mpaka hapo, jamani, sikuwa nimekosea kitu. Kama ningefunga mdomo wangu, leo nisingekuwa na cha kuwasimulia.

Fundi aliitwa Karekezi, alikuwa amekuja mjini karibuni akikimbia vita ya kaskazini kama watu wengi siku hizi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Mimi Kinyarwanda nimezaliwa nacho, hata ndoto naota kwa Kinyarwanda, lakini mtu wa gari akiingia gereji anaongea Kiswahili, ndiyo heshima ya usukani, na mimi mtoto wa Nyakabanda nianze kuongea na fundi kama nimetumwa viazi na mama? Basi nikavuta suruali juu, nikaweka mkono kiunoni. Karekezi akafunga springi na shokapu vizuri kabisa, gari ikashuka, goti la Bibi Mariamu lingefika bila shida. Lakini nikamkumbuka yule wa Bujumbura.

"Fundi," nikasema, "hizi springi, shusha tena."

"Nishushe?"

"Shusha."

"Springi?"

"Springi za nyuma, zote mbili. Shusha sana, usiogope."

Akaniangalia, akaiangalia gari, akaniangalia tena. "Patron, nguvu yake itakufa."

"Nguvu ya gari iko kwa moteri," nikamjibu (na nikajiona nimesema jambo la maana mno), nikaenda zangu kunywa chai.

Niliporudi, ilikuwa imelala chini kama paka mbele ya jiko. Gereji yote ilinuka mkaa, lakini gereji gani hainuki? Nikachungulia nyuma nikaona springi zimekuwa na rangi ya bluu bluu, nikadhani amenipakia rangi ya urembo, nikamshukuru sana kwa kunijali.

"Mimi sijaona mtu anataka hivi," Karekezi akasema.

"Ni staili mpya," nikamwambia.

Jumapili nikavaa kanzu nyeupe, nikaenda kumchukua Bibi Mariamu. Nawaambia aliingia mbele bila kushikwa mkono, akakaa kama anayekaa kitandani kwake, akaipigapiga dashibodi akasema, "Sasa hii ni gari." Zaituni akakaa katikati yetu, amefurahi mpaka anajificha kwa mtandio. Moyo wangu ukajaa. Nyuma wakaanza kupanda mashangazi wanne, wote wa mwili wa kushiba, na vikapu vyao na kreti za soda, na kila mmoja alipokanyaga nilisikia chuma kinalia. Alipopanda wa mwisho hakikulia tena, nami nikaona ni dalili njema.

Tukashuka mpaka Nyabugogo. Pale karibu na stendi kuna shimo, si kubwa, dogo tu, nikalipita polepole, na nyuma ya pikapu ikaenda chini, ikakaa huko huko. Haikurudi. Mbele ikainuka, nikawa naona mlima na mawingu lakini barabara sioni, tairi zikaanza kusugua bodi, moshi ukapanda, mashangazi wakapiga kelele kwa sauti moja, nami nikafunga breki katikati ya watu wote waliokuwa wanasubiri mabasi.

"Gari imekaa!" mtu akapaza sauti. "Imechoka, mpeni maji!" Wakaja makarani kutuzunguka (kwetu Kigali karani haandiki, ni mbeba mizigo, na hawana haya hata kidogo), wakawa wananiuliza kama nimekuja kuuza vyuma. Mashangazi walishushwa mmoja mmoja, na gari haikuinuka hata kidole. Na Bibi Mariamu, niliyemshushia gari ili apande, sasa alikuwa amelala chali kwenye kiti, miguu inaning'inia hewani, juu kuliko alivyowahi kuwa katika pikapu ile, anatoa shahada.

Nikasema basi, ndoa imeishia hapa. Nilitaka kulia.

Alipomaliza shahada akanigeukia. "Ulimwambia nini huyo fundi wako?"

"Nilimwambia ashushe springi, Bibi."

"Kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili."

"Na yeye ni wa wapi?"

Nikamwambia. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe ni kicheko kinatafuta njia. "Mana yanjye, Mungu wangu! Gushyushya! Wewe mtoto, mtu wa kaskazini ukimwambia shusha, yeye anasikia gushyushya, kupasha moto! Umemwambia apike springi, na yeye amekupikia!"

Nikakumbuka ule mkaa, na chuma kilichopikwa kinavyolegea kisirudi tena. Nikakumbuka na rangi ya urembo. Bibi akawaambia mashangazi kwa dirisha, mashangazi wakawaambia makarani, na makarani wakahakikisha kwamba hakuna abiria aliyeondoka Nyabugogo siku ile bila kujua kwamba kuna mwanaume wa Nyakabanda amechemshiwa gari.

"Nikurudishe nyumbani, Bibi?" nikauliza.

"Nimetoka kwangu kuona nyumba. Nyumba iko hapa Nyabugogo?"

Gari bila mashangazi ingeweza kupanda mlima wa Kimisagara mpaka kwetu, lakini kwa kusukumwa, na mimi nikisukuma nani ashike usukani? Makarani wakaangaliana. Ndipo Zaituni, kwa sauti ndogo kabisa, akasema, "Mimi naweza."

Mjue kwamba kila Alhamisi jioni Zaituni alikuwa anamuaga bibi yake kwamba anakwenda kujifunza kushona. Bibi Mariamu akamtazama mjukuu wake, akanitazama mimi, kicheko chote kimekauka.

"Kumbe hiyo cherehani yenu iko na usukani," akasema.

Ningeomba ardhi inimeze, lakini pikapu ilikuwa imeshakaa juu yake. Nikashuka. Zaituni akashika usukani, akainua shingo aone barabara, akaachia klachi taratibu kama nilivyomfundisha, na mimi na makarani tukaweka mabega nyuma, moshi wote wa tairi unanipiga mimi, kanzu nyeupe ikawa ya kijivu kabla hatujafika nusu ya mlima. Mashangazi walitembea pembeni na vikapu kichwani, na kwa kuwa aibu iliwazidi wakaanza kuimba, na watu wa Kimisagara waliposikia wimbo, wakaona gari, wanawake waliojipamba na kijana wa kanzu, wakadhani ni harusi. Wakapiga vigelegele. Watoto wakafuata, kina mama wakatoka madukani, wengine wakatusaidia kusukuma bila kuuliza tunakwenda wapi. Ni muda mrefu sijaona watu wa mji huu wanafurahi hivyo pamoja, na nawaambia kweli, pamoja na aibu yote, nilifurahi na mimi.

Mama yangu alikuwa amepika pilau ya wageni kumi. Alipoona umati unaoingia uani akashika kichwa.

Bibi Mariamu alisaidiwa kushuka, akaingia ndani peke yake. Akaenda jikoni. Akagusa kuta. Sisi tulibaki nje tukichungulia mlangoni, hata makarani, na Zaituni alikuwa bado kwenye usukani, ameukamata kwa mikono yote miwili. Bibi akatoka, akasimama mlangoni.

"Nyumba ni ndogo," akasema. "Jiko halina dirisha. Gari ameiharibu, na uongo wa cherehani tutauongea tukiwa tumeshiba." Akaninyooshea kidole. "Lakini nimeona wanaume wengi wanaokaa kwenye usukani wanawake wakisukuma. Huyu amempa mjukuu wangu usukani, yeye akasukuma, mbele ya Nyabugogo nzima. Leteni hiyo pilau. Nimekubali."

Springi nimebadilisha, gari imerudi juu kama zamani, na Bibi Mariamu anapandia kigoda. Kwa Karekezi nilirudi, tukacheka wote wawili, na tangu siku ile naongea naye Kinyarwanda, tena kwa mikono na vidole, na sitoki gerejini kwenda kunywa chai mpaka amemaliza. Neno shusha nimelikataza kabisa karibu na gari yangu.

Harusi ni baada ya Ramadhani, inshallah. Redioni wanasema amani inakuja, na sisi tumeshaagiza mchele. Bibi amepanga mwenyewe watu watakavyokaa: Zaituni ataendesha, yeye atakaa mbele, na bwana harusi atapanda nyuma na mashangazi.