Mchicha wa Ng'ambo

Tangu biashara na nchi za nje ifunguliwe, maduka ya dawa ya Sumbawanga yamejaa chupa za ng'ambo. Juzi mzee mmoja wa kijiji cha Mwazye, ambaye kiharusi kilimwachia mkono mmoja tu wenye nguvu, alikuja na mkewe akaomba ile ya kulainisha mishipa.

Muuzaji, nesi mstaafu, alisoma maandishi ya chupa. “Mzee, huu ni unga wa mchicha. Kwenu haupo?”

“Upo hadi mlangoni,” mkewe akadakia. “Yeye husema ni chakula cha mbuzi.”

Mzee akamgeukia mkewe. “Basi, mama, leo pika mchicha.”

“Kupika nimepika miaka thelathini,” mkewe akajibu taratibu, akimfunga vifungo vya koti. “Leo ule.”

Sisi wateja wengine tuliinamisha macho. Nadhani kila mmoja alikumbuka bakuli la mboga aliloliacha mezani bila kuligusa.