Mtoto Aliyelala Kwenye Kelele za Bembea

Nimesikia, mwanangu, kwamba Jumamosi mnashuka ziwani na vijana wenzako wa parokia kwenda kwenye hiyo bustani mpya ya michezo, na kwamba utambeba na mtoto wako. Sikukatazi. Hata nikikukataza utaenda, halafu utawaambia wenzako kwamba mzee huyu anaona mabaya kila mahali. Ni kweli, nayaona. Weka simu pembeni kidogo, nikueleze siku iliyonifanya niwe hivi, maana haijanitoka kichwani.

Wakati huo lami haijafika huku, na mimi nilikuwa msichana, sijaolewa. Mfanyabiashara mmoja, ambaye jina lake sitalitaja kwa kuwa watoto wake wapo, alikuwa amezungushia mabati kipande cha ufukwe pale Mbamba Bay. Ndani aliweka bembea kubwa ya kuzunguka, farasi wa mbao, na mteremko wa bati wa kukuangusha kwenye kidimbwi. Habari zilipanda mlima mpaka kwetu Mpepai. Kwaya yetu ilikuwa imeimba vizuri kwenye sherehe za parokia, basi wazee wakatuzawadia safari. Ilikuwa Novemba, mvua bado. Wewe unaijua Novemba ya huku kwetu, alfajiri mtu anatembea mikono kwapani na moshi unamtoka mdomoni. Tulipanda lori tumevaa masweta, na waliokuwa na makoti walivaa makoti. Hakuna aliyetwambia kwamba huko chini Novemba ni kitu kingine kabisa.

Nilikuwa na dada yangu Kandida, aliyenitangulia kuzaliwa, na mtoto wake mchanga, Osmundi, ambaye bado hajaanza hata kukaa. Mimi ndiye niliyembeba. Usimcheke Kandida kwa haya nitakayokwambia. Mtoto wake wa kwanza alikufa wakati wa baridi kali ya Julai. Mgeni alikuja kumwona, akamfunua pale mlangoni ili amtazame sura, na siku zile zile kichomi kikamkamata na kumchukua. Kama ni kule kufunuliwa au la, mimi sijui. Kandida alijua, na hakuna aliyeweza kumtoa kwenye kujua huko.

Kwa hiyo Osmundi tangu azaliwe hajawahi kufunuliwa nje ya nyumba. Siku hiyo alikuwa na fulana, sweta juu ya sweta, kofia ya sufu, soksi mpaka magotini, shali, halafu blanketi, na juu ya vyote hivyo mbeleko. Watu wa milimani ndivyo tunavyolea, mtoto unamwona pua tu, na pua hiyo ikiwa ya joto tunasema yuko salama.

Jambo la pili lililotutia hofu ni watu wa ziwani wenyewe. Nyumbani tulikuwa tumeonywa sana, usile kitu cha mkononi mwao, usinywe maji yao, na mtoto mchanga usiwaache wamkodolee macho. Sababu haikutajwa, na mtu aliyedhurika hakutajwa pia. Baadaye sana, nilipokwisha kuwa na rafiki zangu huko Liuli ziwani, ndipo niliposikia kwamba na wao walikuwa na yao juu yetu, kwamba sisi ni wachoyo na kwamba baridi inatufanya tusioge. Hilo la kuoga, kwa miezi fulani, nisingelibishia sana.

Osmundi alilia njia nzima. Alilia kwenye kona zote za mteremko, akalia tulipoanza kuliona ziwa, akalia mpaka watu wa lori wakaanza kutuangalia vibaya. Tulipofika chini kabisa, joto likatupokea mlangoni pa lori, akanyamaza.

Pale getini alisimama mtu mwenye kofia, akatunyang'anya dumu letu la maji. Alisema ni sheria, chakula na vinywaji vya nje haviingii. Nikamtazama yeye, nikatazama mabati, na nyuma ya mabati nikasikia mawimbi ya ziwa zima, maji yasiyo na mwisho, halafu sisi tunanyimwa dumu moja. Ndani walikuwa wanauza soda, ya moto. Mpaka leo nikiona mahali mtu anakunyima maji yako ili akuuzie ya kwake, moyo wangu unakaa upande. Hata hiyo bustani yenu mpya nitataka kujua geti lao linasemaje kuhusu maji.

Ndani hakukuwa na upepo hata wa kutikisa unyoya. Mabati yaliuzuia upepo wa ziwa na kulirudisha jua juu yetu, na mchanga ulichoma kupitia kandambili. Mtoto mmoja alikaa kwenye ule mteremko wa bati akaruka hapo hapo akishika makalio. Mimi nilivua sweta nikalifunga kiunoni. Kandida hakuvua lake, kwa kuwa alikuwa anacheka. Nakwambia hili uelewe lote litakalofuata. Tangu azike yule mtoto wa kwanza, dada yangu sikuwahi kumwona akicheka mpaka meno ya nyuma yaonekane, na siku hiyo, kwa kuwaona tu wale farasi wa mbao wakipanda na kushuka, alicheka. Alitaka apande farasi mweupe. Tukaingia kwenye foleni, juani.

Mbele yetu alisimama mama mmoja mtu mzima wa hapo hapo ziwani, na wajukuu zake. Wale watoto walivaa kaptula tu, na kichwani kila mmoja alitundikwa kipande cha kanga kilicholoweshwa maji. Nilimwamkia shikamoo kwa mazoea. Kandida alibana midomo. Yule mama aliitikia vizuri, akatuuliza habari za milimani, halafu nikaona macho yake yanarudi mgongoni kwangu, yanaondoka, yanarudi tena. Kandida naye aliona. Akajisogeza akasimama katikati yake na mtoto. Yule mama akauliza mtoto anaitwa nani, na dada yangu, bila kupepesa, akasema anaitwa Petro.

Mimi nilikuwa na shaka zangu nyingine. Osmundi alikuwa mtoto wa kushtushwa na kuku. Ukidondosha kijiko anaamka, mlango ukigongwa anaamka. Sasa hapo jenereta linanguruma, spika limetundikwa juu ya vichwa vyetu, watu wanapiga mayowe kwenye bembea, na yeye amelala. Wanakwaya wakawa wanapita wanasema ziwa limempenda huyu. Niliwasikia na sikuamini. Halafu nikagundua jambo jingine. Mtoto yule alikuwa ananilowesha mgongo kila safari, hata kwenda kanisani tu. Tangu asubuhi nepi yake ilikuwa kavu.

Nikatia mkono chini ya blanketi, chini ya shali, chini ya masweta, mpaka nikaigusa ngozi. Ilikuwa ya moto na kavu, haina jasho hata tone, wakati mimi mwenyewe jasho lilikuwa linanidondoka kidevuni.

Nilimtazama Kandida. Alikuwa anamwonyesha mwanakwaya mwenzetu yule farasi mweupe. Nikasema moyoni, akishapanda nitamwambia. Foleni ikasogea kidogo, ikasimama. Nikasema tena, akishapanda. Nilipomnong'oneza mwishowe, alinijibu kwamba ni joto la sufu tu, na nisithubutu kumfungua mbele za watu. Yule mama alikuwa ametusikia.

"Mama," alisema, polepole, "mfungue huyo mtoto."

Kandida aligeuka na kicheko kikamwisha usoni. "Umemkodolea tangu tumeingia. Hutamwona."

Sikungoja tena. Nilitoka kwenye foleni nikakimbilia kwenye kivuli chembamba cha kibanda cha tiketi, nikapiga magoti, nikaifungua mbeleko. Kandida alinifuata akanishika mkono, nikauchomoa. Akanipiga kofi, la nguvu, watu wote wakageuka. Niliendelea kuvua, blanketi, shali, kofia, sweta, sweta jingine, huku nalia kwa kofi na kwa hofu. Uso wa mtoto ulipotokea ulikuwa umeiva, midomo imekauka, macho nusu wazi hayamtazami mtu. Kandida aliuona. Mkono wake uliokuwa umeinuliwa ukashuka wenyewe.

Yule mama alikwishawavua wajukuu zake zile kanga za maji. Alimtandika moja Osmundi kifuani, nyingine kichwani, akawaambia wale watoto wampepee kwa lile shali wasiache. Halafu akainuka akaenda mpaka getini, akalichukua dumu letu mbele ya yule mtu wa sheria bila kumwomba, na yule mtu akampisha. Alirudi akawa analowesha kanga, anamfuta mtoto makwapani, shingoni, mapajani. Na muda wote alikuwa anamwita. "Petro. Petro, baba, amka. Petro."

Mtoto hakutikisika. Nilimtazama dada yangu amekaa mchangani na sweta lake zito.

"Anaitwa Osmundi," Kandida alisema. "Mama, nisamehe, anaitwa Osmundi."

Yule mama hakumtazama wala hakumuuliza kwa nini. Alibadilisha tu jina, akaendelea kuita na kufuta. Sijui ilikuwa muda gani. Najua jenereta halikuzimwa na farasi waliendelea kuzunguka. Kisha Osmundi akakunja uso, akatoa sauti ndogo ya kukwaruza, halafu akalia. Mwanangu, kile kilio kilichotukera njia nzima, siku hiyo nilikisikia nikamshukuru Mungu kwa sauti. Kandida alimpa titi pale pale mbele ya foleni yote, na mtoto akanyonya.

Tulimpeleka zahanati hata hivyo, na yule mama alituongoza njia. Muuguzi alisema anyonyeshwe mara kwa mara, abaki bila nguo nzito, na tukabaki pale mpaka jua lilipopoa. Tulipokuwa tumekaa kwenye benchi ndipo yule mama aliposema alilokuwa nalo. Hakupandisha sauti.

"Tangu kwenye foleni umejilinda na mimi," alimwambia dada yangu. "Sikulaumu, naona una kidonda. Lakini jua lenyewe ulilipa mgongo."

Kandida aliinamisha kichwa. Nilifikiri yamekwisha, na nakiri nilikuwa nimeanza kujiona shujaa. Akanigeukia.

"Na wewe binti, ulijua tangu lini?"

Nikamwambia tangu mwanzo wa foleni, nilipoona hajanilowesha mgongo.

"Ulisubiri nini?"

Nikamwambia ukweli, kwamba dada yangu alikuwa anacheka, na ilikuwa muda mrefu hajacheka.

Alimpangusa mjukuu wake pua. "Na kesho angecheka vipi?" aliniuliza.

Swali hilo nalibeba mpaka leo. Osmundi ndiye huyo huyo atakayewaendeshea Coaster Jumamosi, yule mwenye tumbo na mizaha, na ukimuuliza habari hii atakwambia mama yake na mama yake mdogo walizidisha chumvi. Mwache aseme, maana yeye alikuwa amelala.

Basi sikia, mwanangu. Sikuambii uache kushuku watu, umri wangu hauniruhusu kusema uongo. Lakini jua la ziwani ulishuku kwanza. Mtoto umvalishe kwa hali ya hewa ya unakokwenda, si ya unakotoka, na gari likianza kuteremka uanze kumpunguzia. Beba maji, na wakikuzuia getini kaa nje, ziwa lenyewe halina geti. Mchezo wa juani uwe wa asubuhi, mchana mtafute kivuli chenye upepo, na bati la kuteleza uliguse kwa kiganja kabla hujamweka mtoto wa mtu. Mnyonyeshe hata asipoomba. Ukiona amenyamaza kupita kawaida, ngozi ya moto, nepi kavu, usifurahi kwamba ametulia. Mvue, mloweshe, mpepee, mkimbize zahanati. Akikushauri mgeni, muangalie mtoto kwanza, huyo mgeni utamchunguza baadaye. Na moyo ukikwambia kitu hakiko sawa, sema saa hiyo hiyo, hata kama kila mtu anacheka, hata kama utapigwa kofi mbele ya foleni. Shavu langu lilipoa siku hiyo hiyo.

Nenda, ucheke, upande hao farasi kama wapo. Mungu awashushe salama na awapandishe salama. Akupe macho ya kuona mapema na mdomo usioogopa, na Jumamosi jioni nikusikie umekaa hapo hapo ulipo, unanilalamikia kwamba mtoto amekusumbua kwa kulia njia nzima.